Gumzo la ukoo: Baba Marta

Salim (Sofia, Bulgaria): Asalaam aleikum wote. Leo tarehe 1 Machi mama mwenye nyumba kanifunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, eti "Chestita Baba Marta", yaani heri ya Baba Marta. Nikauliza Baba Marta ndiye nani, padri? Kumbe kwa Kibulgaria "baba" ni bibi!

Shangazi Rehema: Bibi yupi? Mke au mzaa baba?

Salim: Mzaa baba, mzaa mama, wote "baba". Marta ndio mwezi Machi. Wanausimulia kama ajuza: akinuna baridi inarudi, akicheka jua linatoka. Uzi unakaa mkononi hadi uone korongo au mti uliochanua, ndipo unautundika mtini.

Baba Mkubwa: Neno hilo la Waturuki. Si waliwatawala Wabulgaria karibu miaka 500?

Zuhura: Shikamoo Baba Mkubwa. Kwa Waturuki baba ni baba kama kwetu. Wangelitoa huko, wangempa mwanamume. Halafu Wayoruba wanasema baba, Washona baba, Wachina baba. Huko kote Mturuki alipita lini?

Baba Mkubwa: Marahaba. Haya, tufundishe mwalimu.

Zuhura: Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson alilieleza mwaka 1959. Mtoto akianza kubwabwaja, sauti nyepesi ni za midomo: b, p, m, na a nyuma yake. Unafumba, unafumbua, basi. Hamwiti mtu. Sisi wakubwa ndio tunagombania kuitwa, na kila lugha ikaamua ni ya nani. Hata Japani "baba" ni kikongwe, ila usimwambie mtu usoni, ni tusi.

Shangazi Rehema: 😂😂 Wangu alikuwa akiona sufuria ya uji tu, ba-ba-ba-ba! Babake akapiga simu hadi Tanga, kaitwa.

Mama Salim: Hayo ya baba sawa. Mama ni mama dunia nzima.

Zuhura: Georgia "mama" ni baba, mama mdogo wangu. Mzazi wa kike anaitwa "deda".

Mama Salim: We Zuhura!

Baba Mkubwa: Astaghfirullah. Kwa hiyo mimi nikienda kwa Salim nitaitwa nani?

Salim: Bibi Mkubwa 🙈

Shangazi Rehema: Shikamoo Bibi Mkubwa 😂😂😂