Mrejesho: namba zinazogawanyika kwa 4 au 6

Wakuu, lile swali la uwezekano wa kuokota namba moja kati ya 1 hadi 60, igawanyike kwa 4 au kwa 6: jibu langu la 23/60 lilikuwa kosa. Za 4 ziko 15, za 6 ziko 10, jumla 25, ila zilizomo kotekote zimehesabiwa mara mbili, kwa hiyo zinatolewa mara moja. Nilipoteleza ni hapo: nilizidisha 4 × 6, nikatoa 24 na 48 tu. Kinachotakiwa ni kigawe kidogo cha shirika (namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili), yaani 12, na zinazogawanyika kwa 12 ni 12, 24, 36, 48, 60. Basi 25 − 5 = 20, na 20/60 ni theluthi moja. Kuzidisha kungefaa kwa 4 na 9, zisizo na kigawo cha shirika zaidi ya 1.