Sakafu ya laminate kutoka China: ni 4411, 4412 au 4418? Muuzaji na wakala hawakubaliani

MzigoWaKeko

Wakuu, habari za kazi. Kuna kontena la futi 20 liko majini, linakuja Dar kutoka Shanghai. Ndani kuna sakafu ya laminate ya aina mbili: ya 8 mm katoni 640, kila katoni vibao 8, na ya 12 mm katoni 800, kila katoni vibao 6. Kila kibao ni 1215 × 195 mm, kiini ni HDF (ubao mzito wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa), juu kuna karatasi yenye picha ya mbao na tabaka la melamini, pembeni kuna klik (maungio ya kubana kibao kwa kibao). Kuna pia roli za foam ya kutandika chini na skating (vibao vya chini ya ukuta) za MDF, yaani ubao wa nyuzi wa uzito wa kati.

Muuzaji kwenye invoisi ameweka namba ya tarifa ya forodha (HS) 4418.75. Wakala anasema ni 4412 kwa sababu ni "mbao za laminate", na kwenye rasimu ya TANSAD (tamko la forodha) ameweka mzigo wote mstari mmoja. Bado hajatuma. Ipi sahihi, na kwa nini? Foam na skating nazo ziende wapi? Naomba kuwasilisha.

Tarifu44

Mkuu, hakuna aliyepatia. Wote wamefuata jina la dukani, hawakuangalia kibao kimetengenezwa na nini.

Chukua kibao kimoja ukikate kwa msumeno mwembamba, kisha tazama mkato. HDF inaonyesha nyuzi laini za kahawia zilizoshikana sawasawa kutoka juu hadi chini, bila tabaka. Juu utaona ukanda mwembamba mno wa karatasi yenye resini, na chini karatasi nyingine ya kusawazisha ili kibao kisipinde. Ikiwa kiini ni cha kijani usishtuke, hiyo ni rangi tu ya kutofautisha ubao unaostahimili unyevu. Ukiona tabaka za mbao ambazo nyuzi zake zinapishana, hiyo ni plaiwudi. Ukiona chenga za mbao, ni chipbodi, na hiyo ni 4410. Ukiona unga wa kijivu kama jiwe, hiyo ni SPC, yaani plastiki: 3918.10.

Kibao chako ni ubao wa nyuzi, kwa hiyo ni 4411. Kubandikwa karatasi ya melamini hakukiondoi hapo. "Laminated wood" ya 4412 ni mbao juu ya mbao: plaiwudi, paneli zenye vinia (tabaka jembamba la mbao halisi), blokibodi na jamaa zake. Karatasi si vinia.

Klik nayo haibadilishi kitu. Soma Dokezo la 4 la Sura ya 44 ya tarifa: bidhaa za 4410, 4411 na 4412 zinaweza kuchongwa maumbo yanayotajwa kwenye 4409 (ulimi, mfereji na kadhalika) na bado zikabaki kwenye kifungu chake, ilimradi uchongaji huo haujazipa sura ya bidhaa ya kifungu kingine.

Mstari mmoja ndio kosa baya zaidi hapo. Unene unagawa namba:

8 mm ni 4411.13 (zaidi ya 5 mm, isiyozidi 9 mm).
12 mm ni 4411.14 (zaidi ya 9 mm).

Lazima iwe mistari miwili, kila mmoja na uzito wake, mita zake za mraba na thamani yake.

Kilindini

Nakubaliana na 4411 ila sikubaliani na kifungu kidogo. HDF ina uzito wa zaidi ya 0.8 g kwa sentimita ya ujazo. Hiyo ni 4411.92. Hapa Mombasa nimeona wengi wanaitumia.

Tarifu44

Ndugu yangu, 4411.92 ndiyo inayowanasa wengi, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Kwa Kanuni ya 6 ya kutafsiri tarifa unalinganisha vifungu vidogo vya ngazi moja kwanza. Ndani ya 4411 kuna makundi mawili: MDF (12, 13, 14) na "nyingine" (92, 93, 94). Swali la kwanza ni kama bidhaa ni MDF au siyo. Swali la uzito wa ujazo linaulizwa tu ukiwa umeshaingia kwenye "nyingine". Ukianza na uzito umeruka ngazi.

Kinachoamua MDF ni namna ubao ulivyotengenezwa. Maelezo ya HS yanagawa ubao wa nyuzi kwa mchakato. Kwenye mchakato mkavu nyuzi hukaushwa, huongezwa resini, kisha hugandamizwa kwa joto. Kwenye mchakato wa maji nyuzi hutandazwa zikiwa ndani ya maji kama utengenezaji wa karatasi, halafu hukamuliwa juu ya wavu, ndiyo maana hadibodi ya kawaida ina alama za wavu upande mmoja. Ubao wa mchakato mkavu uliovuka 0.8 sokoni huitwa HDF, lakini kwenye tarifa bado uko familia ya MDF.

Hesabu ya mzigo huu: kibao 1215 × 195 mm ni mita za mraba 0.237, mara 8 ni 1.895, mara unene wa 0.008 ni mita za ujazo 0.01516. Katoni ya 8 mm ikipimwa bila boksi ikatoa kilo 13, uzito wa ujazo ni karibu kilo 857 kwa mita ya ujazo. Ni kweli imevuka 0.8, na bado ni 4411.13. Hesabu hiyo ifanyeni hata hivyo, maana inaonyesha kama uzito wa packing list unaendana na mali. Katoni ya aina hiyo ikiandikwa kilo 9, ofisa atauliza, na ana haki ya kuuliza.

Karatasi ya kiufundi ya kiwanda iseme waziwazi "mchakato mkavu". Isiposema, unabaki na ubishi usio na ushahidi.

Parketi_TZ

Samahani wakuu, na 4418? Maneno yenyewe yanataja paneli za sakafu zilizounganishwa. Sakafu ya laminate si paneli ya sakafu?

Tarifu44

Ni paneli, ndiyo, na inatumika sakafuni, lakini haijaunganishwa kwa vipande. 4418.7 inahusu paneli zilizoundwa kwa vipande vya mbao: parketi juu ya tabaka la chini la mbao, mozaiki, sakafu ya tabaka nyingi. Mfano mzuri wa 4418.75 ni kibao cha 14 mm chenye mwaloni halisi wa 3 mm juu na plaiwudi chini.

Kuna ya katikati inayochanganya: kiini cha HDF au plaiwudi chenye vinia nyembamba ya mbao halisi, tuseme 0.6 mm. Hiyo ni 4412. Maelezo ya HS yanataja moja kwa moja paneli zenye vinia nyembamba inayoigiza parketi. Kiwango cha Ulaya cha EN 13489 kinataka tabaka la juu la parketi lisipungue 2.5 mm. Kipimo hicho hakimo kwenye maneno ya tarifa, ila kinakusaidia kujua mtengenezaji anauza nini.

Kilindini

Nimekuelewa kuhusu Kanuni ya 6. Niongeze la viwango: msichague namba kwa kuangalia ipi ina asilimia ndogo. Tarifa ya pamoja ya EAC tangu 1 Julai 2022 ina ngazi nne, 0, 10, 25 na 35, lakini kila mwaka mwishoni mwa Juni Gazeti la EAC hutoa viwango maalumu kwa nchi mojamoja, na bidhaa za mbao huguswa mara kwa mara. Someni gazeti la mwaka husika kwa nchi yenu. Kiwango kilichokuwepo siku meli iling'oa nanga hakikusaidii.

MzigoWaKeko

Nimeelewa sana wakuu. Foam na skating? Na oda ijayo muuzaji anataka kuleta vibao vilivyobandikwa foam kabisa, 8 mm pamoja na foam ya 1.5 mm.

Tarifu44

Foam ya roli ikiwa ya polietilini yenye vinyweleo: 3921.19. Skating za MDF zilizochongwa: 4411 kwa Dokezo lilelile la 4, namba ndogo kwa unene. Kila kitu mstari wake.

Ya oda ijayo: ubao ndio unaokipa kibao tabia yake, kwa hiyo 4411 inabaki. Ila 8 + 1.5 ni 9.5, na mtu akipima jumla kwa kalipa atakwambia 4411.14. Invoisi itenganishe: ubao 8 mm, foam 1.5 mm. Kisha omba uamuzi wa awali wa uainishaji TRA kabla mzigo haujapakiwa (kifungu cha 248A cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya EAC ya 2004). Peleka kipande cha kibao, karatasi ya kiufundi, maelezo ya mchakato na proforma. Ombi moja, bidhaa moja.

Kwa kontena hili, muuzaji arekebishe invoisi na packing list sasa hivi, na cheti cha ubora kilingane navyo. Maelezo ya kila mstari yawe na: sakafu ya laminate, kiini HDF mchakato mkavu, urefu, upana, unene, uzito wa ujazo, karatasi ya mapambo na melamini, klik, daraja la AC (ustahimilivu wa msuguano), daraja la formaldehaidi, idadi ya katoni, mita za mraba. Wakala asitume TANSAD kabla ya hapo. Marekebisho kabla ya kutuma ni kazi ya kuandika tu. Baada ya kutuma yanahitaji maelezo, na siku za stooreji bandarini hazikusubiri.

Ofisa akibadilisha namba na hukubaliani, omba uamuzi wa maandishi. Una siku 30 kuomba mapitio kwa Kamishna chini ya kifungu cha 229, naye ana siku 30 kujibu. Usiporidhika, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kwenda kwenye chombo cha rufaa za kodi.

Na weka kipande ulichokikata pamoja na nyaraka za mzigo huu. Ukaguzi baada ya mzigo kutoka upo, na ushuru uliolipwa pungufu unaweza kudaiwa ndani ya miaka 5.