Wodi imekuwa kimya tangu nilipomfokea mwenzangu: nianzie wapi kurudisha imani?

MkungaZiwa aliuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni muuguzi mkunga mwenye miaka 11 kazini, na kwa miezi minane sasa ni inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Niliteuliwa nikiwaruka wauguzi wawili walionitangulia, mmoja wao akiwa mama yuleyule aliyenifundisha kumpokea mtoto nilipofika hapa nikiwa mwanafunzi. Hakuna aliyeniandaa kwa cheo hiki. Nilikabidhiwa funguo za kabati la dawa, kitabu cha ripoti na ratiba ya zamu, basi.

Wiki sita zilizopita, wakati wa kukabidhiana zamu asubuhi, nilimfokea muuguzi kijana mbele ya wenzake, wanafunzi na akina mama waliokuwa vitandani, kwa sababu alikuwa hajajaza patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu, ya mama mmoja kwa saa nne nzima. Hakujibu neno. Alichukua kalamu akajaza. Kosa lilikuwa la kweli, nami niliondoka pale nikijiona nimetimiza wajibu wangu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na mgonjwa wa kifafa cha mimba aliyekuwa kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Wenye kazi hii wanafahamu kwamba kabla ya kurudia dozi ni lazima uhesabu pumzi uone hazipungui 16 kwa dakika, ugonge goti uone mguu unaruka, na uhakikishe kwamba mkojo haujapungua mililita 30 kwa saa, kwa kuwa dawa hiyo hutolewa na figo, na figo zisipofanya kazi hujikusanya mwilini hadi mgonjwa akashindwa kupumua. Siku hiyo akina mama wanne walikuwa wanajifungua kwa wakati mmoja. Nilihesabu pumzi, nikagonga goti, nikavuta dawa kwenye sindano. Mfuko wa mkojo ulikuwa umefunikwa na khanga iliyoning'inia kutoka kitandani, nami sikuinama kuutazama. Yule kijana alisimama upande wa pili wa kitanda, na tangu saa mbili nyuma alikuwa ameshaona kwamba mfuko ule ulikuwa karibu mtupu. Hakusema kitu. Aliyeinua khanga ni daktari wa zamu, ambaye alikuwa anapita tu. Dozi ilisitishwa, na namshukuru Mungu mama yule alirudi nyumbani salama na mtoto wake.

Nilimwita kijana pembeni nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Alinijibu kwa upole, bila kuniangalia: "Dada, nilidhani umeshauona. Na kama ungekuwa umeshauona, ungesema najifanya najua."

Jibu hilo halijanitoka kichwani. Sasa nikiuliza asubuhi kama kuna mwenye la kuongeza, wote wanatazama sakafu, na yule mama aliyenifundisha huniitikia "sawa, inchaji" kwa kila ninalosema, hata pale ninapojua kwamba hakubaliani nami. Naomba mnisaidie: nifanye nini ili watu waseme tena, na je, nitaweza kufanya hivyo bila kuachia nidhamu ya kazi ikalegea?

MuuguziThieta alijibu:

Dada yangu, pole, na hongera kwa kulieleza jambo hili bila kujitetea.

Nafanya kazi chumba cha upasuaji, mahali ambapo ukimya wa aina hiyo una historia ndefu, kwa kuwa daktari mpasuaji alizoeleka kuwa mtu asiyeulizwa. Kuna orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ambayo husomwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 katika hospitali za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, hapa kwetu Tanzania, sambamba na London, Seattle na Toronto. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Ndani ya orodha ile kuna kipengele ambacho wengi hukipuuza kwa kuwa hakihusu dawa wala kifaa: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Nilipoanza kazi nilikiona ni adabu tu. Baadaye nikatambua kwamba mtu aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja chumbani humwia rahisi kuitoa mara ya pili, hata kama mara hiyo ya pili ni ya kumwambia mkubwa kwamba gozi moja, kile kitambaa cha kufyonza damu, haijaonekana katika hesabu.

Ninachokushauri ni kidogo. Swali lako la "kuna mwenye la kuongeza?" linajibika kwa kunyamaza. Badala yake mgeukie mtu mmoja kwa jina, ukianza na mdogo kuliko wote, umuulize: "Kitanda namba tatu, wewe umeona nini usiku?" Mkubwa akisema kwanza, mdogo hatampinga, ataitikia tu. Na ile dozi ya magnesiamu msiitoe mtu mmoja tena. Mmoja asome kwa sauti pumzi, goti na mkojo, mwingine atazame na kujibu. Hapo kijana wako hatahitaji ujasiri wowote ili auseme mfuko mtupu, kwa sababu kuusema itakuwa ndiyo kazi aliyopewa.

FundiNdege alijibu:

Mimi si mtu wa afya, ni fundi wa ndege, lakini nimesoma maneno ya kijana huyo mara tatu, kwa kuwa katika fani yetu maneno kama hayo yamegharimu roho nyingi.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia katikati ya ukungu, moja ya kampuni ya KLM na nyingine ya Pan Am, wakafa watu 583. Nahodha wa KLM alikuwa mtu mkubwa katika kampuni yake, mkufunzi wa marubani wa ndege za aina hiyo, na picha yake ilitumika hata katika matangazo ya kampuni. Ndege yake ilipokuwa imeshaanza kukimbia ili kuruka, mhandisi aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa haijatoka njiani. Nahodha alimjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia. Zilikuwa zimebaki sekunde chache tu.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya kampuni ya United iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, wakati nahodha akiwa ameshughulika na tatizo la magurudumu, na wenzake wakiwa wanamdokeza kuhusu mafuta kwa lugha laini mno. Walikufa watu 10. Baada ya matukio hayo, usafiri wa anga ulianza kuwafundisha marubani somo ambalo halikuwapo: namna ya mdogo kumwambia mkubwa, na namna ya mkubwa kupokea.

Ninasisitiza hiyo nusu ya pili, kwa kuwa watu wengi huishia kwenye ya kwanza. Mkuu wa karakana yetu ana desturi moja. Ukimsimamisha kazi kwa wasiwasi wako, neno lake la kwanza ni "asante", kabla hata hajajua kama wasiwasi huo una msingi. Mwezi uliopita nilimsimamisha kuhusu boliti ambayo nilidhani haijakazwa kwa kipimo, tukaangalia pamoja, ikawa imekazwa sawasawa. Alisema asante tena, tukaendelea. Dada, kijana wako alihofia zaidi kuuliza jambo ambalo umeshaliona, kwa maneno mengine, alihofia kukosea katika kuuliza. Kwa hiyo siku atakayouliza lisilo na msingi ndiyo wenzake wote watakuwa wanakutazama usoni.

MsimamiziZamu alijibu:

Nawaheshimu waliotangulia, ila naomba nitofautiane nao kidogo. Patografu isiyojazwa kwa saa nne ni hatari kwa mama na mtoto, kwani mapigo ya moyo wa mtoto yanapaswa kuandikwa kila nusu saa. Nimeona inchaji aliyeomba radhi mpaka akawa hana tena neno la kumwambia mtu, wodi ikawa kila mmoja anajiendea. Dada asiombe radhi kwa kudai kazi ifanyike. Aliyechelewa kuandika anapaswa kuambiwa, na akirudia aandikiwe barua ya onyo. Kama kuna lililoharibika ni mahali na sauti, na hayo mawili tu ndiyo ya kurekebisha.

MetroniMstaafu alijibu:

Marahaba, wanangu. Nimestaafu baada ya miaka 34 ya uuguzi, na nimewahi kufanya kosa hilihili la binti yetu, tena si mara moja.

Msimamizi hapo juu amesema la maana: kosa la patografu libaki kuwa kosa. Lakini ninaongeza kwamba aibu iliyotolewa mbele ya watu haiondolewi pembeni. Ulimfokea kwenye kukabidhiana zamu, basi na maneno yako ya kurudi yasemwe hapohapo, wanafunzi wakiwapo, kwa sentensi mbili zisizo na "lakini" ndani yake. Sema ulimfokea na haikuwa sawa. Halafu eleza lile la magnesiamu jinsi lilivyotokea, ukianza na khanga ambayo wewe hukuiinua. Usianze na yeye kunyamaza. Wakisikia inchaji anasimulia kosa lake mwenyewe na dunia haijaanguka, watakuwa wameona kwamba inawezekana.

Kuhusu yule mama, hilo ni gumu zaidi, na naona hujaligusa sana. Watu hawakumtangazia kwamba amepitwa; aligundua siku uliyokabidhiwa funguo. Nenda kwake, na si ofisini kwako, ukamwombe jambo la kweli linalohitaji ujuzi wake. Kwa mfano, awasimamie wanafunzi katika kupokea watoto, kwa mamlaka kamili, wewe usiingilie. Na akikukosoa mbele yao, vumilia. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, na mimi nilidhani maana yake ni kubeba matusi, hadi nilipoelewa kwamba jalala ni mahali ambapo kila mtu anajua pa kupeleka kile kisichotakiwa kubaki ndani ya nyumba.

Nikupe mfano. Mwaka 2007 wizara ilipoanza ule utaratibu wa 5S kutoka Japani, wa kupanga mahali pa kazi, wa kwanza kuujaribu wakiwa wenzetu wa Hospitali ya Rufaa Mbeya, wengi tuliudhani ni mashindano ya usafi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ulipofika kwetu, tulikaa wauguzi na madaktari tukipanga kabati la dharura upya, na mhudumu anayefagia akasimama mlangoni na ndoo yake. Nilimuuliza, kwa kumkaribisha tu, yeye anaonaje. Akasema kila usiku huwaona wauguzi wakikimbia hadi mwisho wa korido kuchukua glavu, kisha wakirudi kuchukua kanula, ile mirija ya kuingizia dawa mshipani, upande mwingine. Miaka yote hiyo alikuwa anatuona. Hatukuwa tumemuuliza.

MkungaZiwa alirudi kuandika:

Shikamoo mama, na nyote nawashukuru. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka niwe nimefanya jambo kwanza.

Jumatatu nilisema mbele ya wote, kama mama alivyoelekeza. Sauti ilinitetemeka nilipofika kwenye khanga. Hakuna aliyejibu, na kijana alitazama chini vilevile, hivyo siwezi kudai kwamba amerejea. Patografu zinajazwa, na msimamizi alikuwa sahihi kwamba hilo halikuhitaji kuombewa radhi. Tumeanza pia kusoma kwa sauti kabla ya kila dozi ya magnesiamu, wawili wawili, na karatasi yenye mistari mitatu, pumzi, goti, mkojo, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Yule mama nilimfuata Jumatano, akiwa anakunja mashuka. Nilipomwomba awachukue wanafunzi, alikunja mashuka mengine mawili kabla ya kusema. Kisha akaniambia kwamba ratiba yangu imekuwa ikimpanga yule kijana zamu tano za usiku mfululizo, mara mbili kila mwezi, na kwamba saa nne zile ambazo hazikuandikwa zilikuwa za usiku wa tano. Nilikwenda kufungua ratiba. Ni kweli, na mwandiko ni wangu. Nimeipanga upya jana, safari hii tumekaa na yule mama meza moja, na kijana ataanza mapumziko yake kesho.