Joginder kamaliza mara 19, Mehta kashinda mara tano: nani mkubwa wa Safari Rally?

Bint Kericho: Kila Safari Rally ikikaribia naambiwa mfalme wa mbio hizi za magari ni Shekhar Mehta na kwamba hakuna la kujadili. Lipo. Joginder Singh aliingia Safari mara 22, kuanzia 1959 hadi 1980, na mara 19 alifika mwisho. Alishinda 1965, 1974 na 1976. Ule ushindi wa 1965 aliupata kwa Volvo PV544 kuukuu iliyokwisha kutumika kwenye mashindano, kando yake ameketi ndugu yake Jaswant. Sasa wenye kuhesabu vikombe mniambie: mkubwa ni aliyeshinda mara nyingi, au ni yule ambaye barabara ilijaribu kumvunja miaka yote hiyo ikashindwa?

Violet GT: Mara tano, dada. 1973, halafu 1979, 1980, 1981, 1982. Nne mfululizo! Rauno Aaltonen, Mfini aliyeshinda Rally ya Monte Carlo, alikuja Kenya miaka nenda miaka rudi, akawa wa pili zaidi ya mara moja, na kombe hakulishika hata siku moja. Kumaliza ni jambo jema, lakini gari halitengenezwi lije limalize tu. Na tuseme ukweli, Joginder alikuwa na bahati ya zama zake. Hadi Hannu Mikkola wa Finland alipochukua 1972, hakuna dereva wa ng'ambo aliyekuwa ameshinda Safari. Wenyeji walikuwa wakishindana wao kwa wao.

Fundi Spana: Bahati? Hilo neno limenikera. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Gari likigoma saa nane za usiku, matope yamefika kwenye ekseli, mwelekezi kashika tochi, anayelala chini ya gari na spana mdomoni ni dereva mwenyewe, na huku dakika za adhabu zinahesabiwa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayemaliza mara 19. 1963 yalimaliza magari saba tu, yeye akiwemo. 1968 saba tena, naye yumo. Na hao "wao kwa wao" unaowasema, 1974 aliyekuwa wa pili nyuma yake ni nani? Björn Waldegård, Mswidi, ndani ya Porsche 911! Mwaka 1976 ndiyo kabisa, Mitsubishi Lancer zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, yeye mbele. Mehta wenu aligongagonga akaacha udereva mapema.

Violet GT: Hakuacha. Ajali mbaya ya Misri mwaka 1987, Rally ya Mafarao, ndiyo iliyommaliza kwenye usukani. Hata hivyo alibaki akiutumikia mchezo huu kule FIA, shirikisho la mbio za magari duniani. Usimdhalilishe marehemu kwa kubahatisha.

Fundi Spana: Nimesema mapema, na narudia mapema. 1959 hadi 1980 ni miaka mingapi?

Mzee wa Pasaka: Wanangu, nilikuwa kando ya barabara enzi hizo, Safari ikikimbiwa sikukuu ya Pasaka. Ile Datsun ya Mehta ulikuwa unaisikia kabla ya kuiona. Ilipoingia kwenye dimbwi haikuparamia kama wengine. Alipunguza, akatafuta ukingo mgumu kwa magurudumu ya kushoto, akapita na maji hayajafika kwenye vioo. Aliyemfuata aliingia kwa fujo, tukamsukuma nusu saa. Mimi kura yangu ni Mehta, na Joginder nilimpenda sana.

Tundo Daima: Carl Tundo naye ana tano. Mbona hatajwi?

Violet GT: Kwa sababu zake si za ubingwa wa dunia. Safari ilitolewa kwenye kalenda baada ya 2002 na ikarudi 2021. Tano za Tundo zote ziko katikati hapo. Dereva mzuri, lakini usiweke kwenye mzani mmoja.

Nakivubo: Mnagombea mtu ambaye si wenu. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Ni Mganda.

Fundi Spana: Mlimfukuza, leo mnamdai?

Nakivubo: Nani alimfukuza? Mimi? Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 mwaka 1972, na watu wengi wa Uganda walilia walipoona majirani wanaondoka na begi moja. Kuzaliwa kwa mtu hakufutwi na amri ya dikteta. Chunga ulimi wako, ndugu.

Bint Kericho: Pole kwa hayo, lakini Kenya ndiyo iliyompokea, na ushindi wake wote wa mara tano ulikuja baada ya hapo. Joginder ni mtoto wa Kericho, huyo hatumgombei na mtu. Simba wa Kenya. Naomba turudi kwenye swali.

Mwana Dar: Swali lenyewe limekaa upande mmoja! Safari ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, ilipita Tanganyika na Uganda tangu 1953. Imebaki Kenya peke yake kuanzia 1974. Mmeandika yote haya na hakuna aliyemtaja Bert Shankland wa Dar es Salaam, 1966 na 1967, Peugeot 404, mara mbili mfululizo. Mnajifanya historia ilianzia Nairobi na kuishia Nairobi.

Fundi Spana: Shankland ni Mskoti.

Mwana Dar: Na Mehta ni nani, na Joginder wazazi wake walitoka wapi? Ukianza kuchambua hivyo hatabaki dereva hata mmoja. Aliishi kwetu, akajifunzia matope yetu.

Bint Kericho: Narudia: 19 kati ya 22. Na ile ya 1973 Mehta alilingana dakika za adhabu na Harry Källström, Datsun kwa Datsun. Kapewa kwa kanuni ya kutenganisha.

Nakivubo: Kanuni ilimpa aliyekwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa, na ilikuwepo kabla magari hayajaondoka. Mwaka mmoja tu tangu afukuzwe kwao, halafu unataka kumpokonya hata hiyo?

Fundi Spana: Hakuna anayempokonya. Ila useme "kwao" ni wapi.