Naomba ushauri: mbwa 38 kwenye nafasi ya 24, na 14 kati yao wanadungwa sindano ya kuuawa Ijumaa

Mlinzi_wa_Banda · Jumanne, 21:12

Habari zenu wanajukwaa. Nisaidieni, usingizi umenikimbia.

Ninasimamia kituo kidogo cha kuhifadhi mbwa na paka nje ya Nakuru, upande wa Njoro. Tuna mabanda 12, kila moja la mbwa wawili. Leo asubuhi nimehesabu mbwa 38. Kamati ilikaa Jumapili ikakubaliana tupunguze 14, na daktari wa mifugo anakuja Ijumaa saa nne asubuhi. Majina nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari. Wengi ni waliokaa muda mrefu. Nambari 17 ni jike mweusi mwenye mkia uliokatika nusu, siku 121 sasa. Geti likilia tu, anaokota bakuli lake la plastiki kwa meno, anakuja kukaa nalo kwenye waya. Nambari 31 ni dume la rangi ya mchanga, siku 9.

Swali langu ni moja: kuna utaratibu gani wa haki wa kuamua nani abaki? Msiniambie nisiwaue. Hilo limeshapita.

Karani_wa_Lanet · Jumanne, 21:40

Swali la nani abaki halina jibu la haki, nitajibu ambalo hukuuliza: kwa nini mbwa wanajaa. Idadi ya mbwa kituoni hutokana na vitu viwili tu: wangapi wanaingia kwa siku, na kila mmoja anakaa siku ngapi. Zidisha hivyo viwili, utapata mbwa ulio nao. Tupe hesabu ya siku 60 zilizopita: walioingia, waliotoka, na wastani wa kukaa.

Mama_wa_Kondele · Jumanne, 21:58

Mimi nitasemea paka, maana paka husahauliwa hadi chumba kijae. Hapa Kisumu paka wa sokoni wakikamatwa na kupelekwa kituoni, wengi hawatapata nyumba kwa sababu hawashikiki. Njia ni kuwatega, kuwafunga uzazi na kuwarudisha walikotoka. Wazoeze kula ndani ya mtego uliofungwa kamba usijifunge, siku kadhaa, halafu mwache njaa mchana mmoja kabla ya kutega. Mtego ukinasa, ufunike shuka palepale, giza humtuliza paka. Akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, daktari akate ncha ya sikio la kushoto, kama sentimita moja kwa paka mkubwa, ionekane kwa mbali asije akategwa tena. Dume hurudi kesho yake, jike baada ya siku moja au mbili akiwa macho kabisa na anakula.

Na msisubiri wakue. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, na mimba ni kama siku 63 hivi. Mtoto wa paka mwenye afya na uzito wa kilo moja anaweza kufungwa uzazi akiwa na wiki nane.

Mzee_wa_Bahati · Jumanne, 22:15

Kosa ni letu wenye mbwa. Mtu anafuga jike, hamfungi uzazi, hamchanji, mchana kutwa anazurura barabarani, akizaa watoto saba wanatiwa kwenye gunia na kuachwa mlangoni mwa kituo usiku. Halafu lawama zinamwendea anayeshika sindano. Mbwa wengi tunaowaita koko wana kwao, ila kwao hakuna ua. Mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mlinzi_wa_Banda · Jumanne, 22:31

Asante mzee, gunia tunalijua vizuri. @Karani: siku 60 zilizopita tulianza na mbwa 31, wakaingia 40. Waliochukuliwa na familia 22, waliorudi kwa wenyewe 3. Wastani wa kukaa ni kama siku 52.

Karani_wa_Lanet · Jumanne, 22:50

Sawa. Wawili kila siku tatu, mara siku 52, ni mbwa 35 hivi. Hiyo ndiyo idadi ambayo kituo chenu hujirudishia chenyewe. Ukiua 14 Ijumaa bila kugusa mlango wa kuingilia wala muda wa kukaa, baada ya miezi michache mtakuwa karibu na hapohapo, na daftari litafunguliwa tena. Ukishusha muda wa kukaa hadi siku 30, idadi inakuwa 20 kwenye mabanda yaleyale. Na mbwa anayekaa muda mfupi huugua mara chache, kwa hiyo hata kumtoa ni rahisi.

Siku hupotea wapi? Kwa kawaida ni katika kusubiri: kusubiri chanjo, kusubiri kufungwa uzazi, kusubiri mtu mmoja mwenye ruhusa ya kutia sahihi. Pita banda kwa banda kila asubuhi na daftari, uliza kwa kila mbwa jambo moja tu: leo anangoja nini? Liandike, na uandike nani atalifanya kabla ya jioni.

DaktariWaMashinani · Jumanne, 23:04

Hesabu ya Karani ni sahihi. Marekani walivyopunguza vifo si kwa kuongeza mabanda. Los Angeles ilifungua kliniki ya manispaa ya kufunga uzazi kwa bei nafuu mwaka 1971, miji mingine ikafuata. Shirika la huko la kutetea wanyama, ASPCA, lilikadiria mbwa na paka milioni 2.6 waliuawa vituoni mwaka 2011, na kufikia 2019 makadirio yakashuka hadi 920,000 hivi. Bado ni wengi, lakini wamepungua kwa zaidi ya nusu.

Ila nina swali kwa mwenye uzi. Umesema orodha ni ya waliokaa muda mrefu. Nambari 31 ana siku 9. Kwa nini yumo?

Mlinzi_wa_Banda · Jumanne, 23:20

Hana tabia nzuri. Kamati ilionelea hivyo.

DaktariWaMashinani · Jumanne, 23:23

Tabia gani? Ameuma mtu?

Mlinzi_wa_Banda · Jumanne, 23:49

Ijumaa iliyopita alimshika mkono kijana anayetuletea makombo ya hotelini. Ana miaka 14. Jeraha ni dogo, meno mawili, damu kidogo. Tuliosha kwa maji ya chumvi. Mbwa anakula vizuri, hana povu, hana dalili yoyote. Kijana naye anacheza mpira. Sikutaka kulitaja kwa sababu likifika ofisini watafunga kituo, na wote 38 wataondoka. Nikaona huyu aende na wenzake Ijumaa, mambo yaishe.

DaktariWaMashinani · Jumatano, 00:02

Hayaishi hivyo. Nisome polepole.

Kijana kwanza, hofu hapa ni kichaa cha mbwa. Asubuhi na mapema aende hospitali na mzazi wake, aseme wazi kwamba ameumwa na mbwa asiyejulikana kama amechanjwa. Siku nne zimepita lakini hajachelewa, chanjo huanzwa wakati wowote kabla dalili hazijaanza. Dalili zikianza, hakuna tiba. Kwa kuwa damu ilitoka, muulizieni pia dawa ya kinga inayodungwa ndani na kuzunguka jeraha. Hata leo jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, kisha ayodini. Asingoje matokeo ya mbwa.

Mbwa sasa. Asiuawe Ijumaa. Anatengwa na kuangaliwa siku 10 tangu siku ya kuuma. Mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku ile ataugua na kufa ndani ya muda huo, akibaki mzima basi hakumwambukiza kijana. Ukimuua na kumfukia, umefukia jibu ambalo mzazi wa kijana atalihitaji. Povu si kipimo. Angalia sauti iliyobadilika, taya lililolegea, kushindwa kumeza, miguu ya nyuma kuyumba, kuuma vijiti na mawe. Dalili ikitokea, daktari amlaze kwa sindano, kichwa kisigongwe wala kupigwa risasi, kipelekwe maabara ya uchunguzi wa mifugo hapo Nakuru kikiwa kwenye barafu, bila kugandishwa. Kipimo kinahitaji ubongo mzima usiooza.

Na daktari wenu anajua kwamba huyo ameuma?

Mlinzi_wa_Banda · Jumatano, 00:10

Hapana.

Shahidi_wa_Pipeline · Jumatano, 06:35

Samahani, lakini mimi naona hadithi hii imetungwa. Imeanza na mbwa anayebeba bakuli, ikaja na mtoto aliyeumwa, jioni itakuja na namba ya kutuma pesa. Tena hesabu yenyewe haijumliki. Mbwa 31, wakaingia 40, jumla 71. Sasa wapo 38, kwa hiyo walioondoka ni 33. Amewataja 25. Wanane wako wapi?

Mzee_wa_Bahati · Jumatano, 06:52

Mimi pia niliona. Mwenye mbwa wake hawezi kusahau wanane.

Mama_wa_Kondele · Jumatano, 07:05

Imetungwa au haikutungwa, kijana aende hospitali. Kama hayupo, hakuna hasara. Kama yupo, kila saa ina maana.

Mlinzi_wa_Banda · Jumatano, 09:41

Nimetoka hospitali sasa hivi. Kijana amedungwa sindano ya kwanza na kupewa tarehe za kurudi. Mama yake hakunisemesha njia nzima. Daktari wa mifugo nimempigia, naye atamjulisha afisa wa mifugo wa kaunti ndogo.

Sijaomba pesa wala sitaomba. Wale wanane ni watoto wa mbwa. Walikuja 13 kwenye magunia mawili, wiki tatu zilizopita. Walianza kutapika, kisha kuharisha damu yenye harufu kali, wanane wakafa ndani ya siku sita. Sikuwahesabu kwa sababu kwenye daftari tuliwaandika ukurasa wa nyuma. Watano waliobaki wamo kwenye wale 38, na wako kwenye orodha ya Ijumaa. Tulidhani wakiondoka, ugonjwa utaondoka nao.

Shahidi_wa_Pipeline · Jumatano, 09:58

Nimekusikia. Pole. Swali langu lilikuwa la haki na umelijibu.

DaktariWaMashinani · Jumatano, 10:30

Hiyo ina kila dalili ya pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, daktari wenu athibitishe kwa kipimo cha kinyesi. Ugonjwa hautaondoka na wale watano. Virusi vya pavo hukaa sakafuni na udongoni miezi mingi, mwaka hata. Mtoto wa mbwa atakayeingia wiki ijayo ataukuta hapo. Waliopona ni salama zaidi ya yeyote atakayekuja, ila waendelee kutengwa wiki mbili, wanaweza bado kutoa virusi kwenye kinyesi.

Usafi: dawa nyingi za sakafu zenye harufu nzuri haziviui. Jiki inaviua, ile ya asilimia 3.5, mililita 50 kwa kila lita ya maji, yaani lita moja ya jiki kwa ndoo ya lita 20. Lakini uchafu hula nguvu ya jiki. Kwa hiyo toa kinyesi, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo umwage jiki, ikae mbichi dakika 10, suuza tena. Changanya mpya kila asubuhi, jua huidhoofisha. Mbao zilizopasuka na udongo havisafishiki kwa njia hii. Banda lenye sakafu ya udongo lisiingizwe mtoto wa mbwa kabisa. Viatu na ufagio wa upande wa wagonjwa vibaki hukohuko, na anayewahudumia awamalizie wao mwisho.

Chanjo: kila mbwa adungwe getini anapoingia, kabla hajapewa banda. Kusubiri hata siku mbili ndiko kunakoua. Watoto waanze wakiwa na wiki nne hadi sita, warudiwe kila wiki mbili hadi wafike miezi minne au mitano, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama huizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye siku itakapoisha. Chupa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Stima zikipotea usiku kucha, zile chupa usizitumie kwa kujifariji.

Karani_wa_Lanet · Jumatano, 11:02

Basi mlango wa kuingilia ndio wa kushika sasa. Watoto wa mbwa msiwapokee kwa siku 14, na wakubwa kwa miadi tu. Anayetaka kuleta mbwa, muulize kwanza kinachomsukuma. Kama ni kuzaa kuzaa, pokea watoto baada ya siku hizo, mama yao mfunge uzazi na umrudishe kwa mwenyewe, hapo umeziba gunia la mwaka ujao. Mbwa aliyeokotwa, anza kumuulizia kwenye plot za jirani, kwa fundi wa bodaboda, na kibanda cha mboga, kabla ya kumpandisha gari. Mzee wa Bahati amesema kweli, wengi wana kwao. Watatu tu kati ya 40 kurudi kwa wenyewe ni wachache mno.

Kwa wa kutoka: nambari 17 mpige picha nje ya waya, kwenye nyasi, mwanga wa asubuhi, simu ikiwa usawa wa macho yake, na bakuli mdomoni. Mbwa mweusi akipigwa picha ndani ya banda huonekana kivuli. Andika anakaaje na watoto na kuku. Watafutie wale wa siku nyingi nyumba za kulea kwa wiki mbili, kituo kitoe chakula na kamba. Wengi wa wanaolea huishia kumleta mtu wa kumchukua.

Mlinzi_wa_Banda · Jumatano, 16:20

Kamati imekubali kuahirisha Ijumaa. Si kufuta, kuahirisha wiki tatu. Daktari atakuja Ijumaa hiihii, lakini kuchanja wote na kufunga uzazi majike wanne, akianza na 17. Mwanachama mmoja bado anasema 31 aondoke, nami jana nilikuwa upande wake, kwa hiyo sina la kumlaumu.

Nimemhamisha 31 banda la mwisho, peke yake. Leo ni siku ya tano. Anakula, sauti ni ileile. Mlango wa banda hilo una komeo moja la chini, na unafungukia nje. Inatosha?

DaktariWaMashinani · Jumatano, 16:34

Haitoshi. Ongeza komeo la juu na kufuli, ufunguo akae nao mtu mmoja mzima. Bakuli lipitishwe chini ya waya kwa fimbo, mkono usiingie. Fanya kabla jua halijazama.

Mlinzi_wa_Banda · Jumatano, 18:11

Kufuli limefungwa. Ufunguo ninao mimi.