Mashine ya theluji ya trekta: bolti inakatika kila mara, cheni inagonga

Kutoka: Lewiston, Maine

Shikamoo wakubwa, na wengine wote habari za baridi.

Naomba msaada wa wanaojua trekta. Nina trekta ndogo na mashine ya kurusha theluji inayofungwa nyuma, inaendeshwa na PTO, ile shafti ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Naitumia kuwasafishia majirani, pamoja na wazee wetu wa kanisani ambao koleo limeshawashinda. Tangu ile theluji nzito, bolti inayoshika parafujo la mbele (ule mhimili mkubwa wa kuzunguka unaochota theluji) inakatika ovyo. Naweka mpya, naenda mita chache, nasikia “ta!”, feni na cheni zinaendelea kuzunguka lakini parafujo limesimama. Tena cheni yenyewe imeanza kugonga kifuniko chake cha ubavuni. Duka nililoulizia vipuri wamenishauri nifunge bolti ngumu zaidi nimalize shida. Nifanye hivyo? Jumamosi wanasema theluji nyingine inakuja.

---

Kutoka: Duluth, Minnesota

Marahaba mdogo wangu. Hiyo bolti ngumu usiifunge.

Bolti hiyo imewekwa makusudi ikatike. Nguvu inatoka kwenye injini, inapita shafti ya PTO, inaingia giaboksi na feni, halafu cheni inaipeleka kwenye parafujo. Parafujo likikamata jiwe au bonge la barafu, lazima kitu kimoja kiachie. Usipoiruhusu bolti kuachia, kitakachoachia ni cheni, au meno ya giaboksi, au shafti yenyewe. Bolti ni pesa ndogo. Giaboksi ni mamia ya dola, na katikati ya Januari huipati kesho yake.

Angalia kichwa cha bolti. Kisipokuwa na alama yoyote, ni laini, daraja la 2. Mistari mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Zile za milimita zimeandikwa namba, kama 8.8 au 10.9, na namba ikipanda ugumu unapanda. Daraja sahihi linatajwa na kitabu cha mashine yako, kwa sababu mashine hazifanani. Wala usitoboe tundu kubwa zaidi ili ufunge bolti nene: kutoka inchi 5/16 kwenda 3/8 inaonekana ni tofauti ndogo, lakini eneo la chuma kinachopaswa kukatika linaongezeka kwa asilimia 44. Hapo umeshaondoa kinga.

Sasa, vile vipande vilivyokatika umevitupa? Kama unavyo, viweke kiganjani uvitazame kwenye mwanga. Bolti iliyokatwa na pigo moja huwa na uso bapa, msafi, na shingo iliyonyooka. Iliyotafunwa polepole huwa imepinda kidogo, ina kama ngazi pale ilipokatikia, na ubavu wake unang'aa kwa kusuguliwa. Ya kwanza inasema umegonga kitu au umeilemea mashine. Ya pili inasema bolti ilikuwa inacheza ndani ya matundu. Kwa jinsi unavyoeleza, kukatika baada ya mita chache bila kugonga kitu, mimi nashuku hii ya pili: matundu yameliwa yamekuwa marefu upande mmoja. Bolti ikikaa humo inapata vipigo vidogo vidogo mpaka ikatike. Dawa yake ni kujaza matundu kwa weldingi na kutoboa upya kwa kipimo chake cha asili, au kuingiza bushi, yaani kibomba cha chuma kinachovishwa ndani ya tundu. Funga kwa nati yenye plastiki ndani ili isilegee.

Jambo lingine, bolti ikiwa imetoka, sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, inatakiwa izunguke kwa ulaini juu ya shafti ya parafujo. Ikiwa imeshikwa na kutu, hata bolti ikikatika nguvu bado inapita, na siku ya jiwe kubwa utaumia mfuko. Mwagia oili ya kupenyeza, itikise mpaka iachie, kisha ipige grisi. Kila mwanzo wa msimu rudia.

Kabla ya yote hayo, tafadhali sana: zima injini, toa PTO, funguo mfukoni mwako, subiri kila kitu kisimame. Usipeleke mkono kwenye parafujo wala kwenye bomba la kutemea theluji, tumia kijiti. Mashine iliyokwama huwa imebana nguvu ndani ya cheni na shafti hata injini ikiwa imezimwa. Ukiondoa kile kilichokwama, inaweza kuruka robo mzunguko. Robo mzunguko inatosha kuondoka na vidole. Nalisisitiza kwa sababu watu huwa na haraka wakati vidole vimekufa ganzi.

Na uendeshaji: ingiza PTO injini ikiwa inazunguka polepole, ndipo upandishe mpaka PTO ifike mizunguko 540 kwa dakika. Ukiiingiza injini ikiwa inanguruma, pigo la kwanza lote linaishia kwenye bolti. Usinyanyue mashine juu kabisa PTO ikiwa inazunguka, maana shafti inakaa kwa pembe mbaya na kutetema. Njia za changarawe, shusha vile viatu vya chuma vya pembeni ili mdomo wa mashine uinuke na usichote mawe. Lile tuta ambalo gari la manispaa linakuachia mdomoni mwa njia, likate kwa vipande vyembamba. Usilivamie kwa upana wote.

---

Kutoka: Sherbrooke, Quebec

Jambo kwenu wote. Kaka wa Duluth amesema vizuri, mimi naongeza juu ya cheni.

Hapa kwetu makampuni ya kusafisha njia yanatumia sana mashine zilizogeuzwa: iko nyuma ya trekta lakini mdomo unaangalia mbele, unapita juu ya theluji, unaishusha, unavuta. Kazi ya haraka, mlango baada ya mlango, na cheni zinachoka upesi. Cheni iliyolegea hukata bolti. Parafujo likiuma theluji ngumu, ule ulegevu unavutwa kwa mshtuko mmoja, na mshtuko huo unaangukia bolti. Kwa hiyo kugonga na kukatika kwako huenda ni ugonjwa mmoja.

Pima ulegevu katikati ya sproketi mbili. Kipimo cha kawaida ni kama asilimia 2 ya umbali kati ya shafti. Zikiwa na sentimita 50, cheni icheze kama sentimita 1. Kisha pima uchakavu. Ikiwa ni cheni namba 60, vuta ikaze, pima pingili 16: mpya ni inchi 12. Ikifika 12 na 3/8, imekwisha. Namba 50 ni inchi 10, ikifika 10 na 5/16 ibadilishe. Meno ya sproketi yakiwa yamelala upande mmoja kama ndoana, badilisha pamoja na cheni. Walioendesha bodaboda wanajua: cheni mpya juu ya sproketi kuukuu inaliwa upesi.

Weka rula ndefu ubavuni mwa sproketi zote mbili uone kama ziko mstari mmoja. Tikisa parafujo juu na chini pia. Beringi ikiwa imelika, hakuna kukaza kutakakosaidia. Tena fungua kifuniko. Mashine ikiingia gereji yenye joto theluji inayeyuka, ikitoka nje inaganda juu ya meno, na barafu hiyo inainua cheni. Ukimaliza kazi, iache izunguke tupu dakika chache. Na cheni inataka oili inayopenya kwenye pini. Grisi ya kupaka inakaa nje tu.

---

Kutoka: Lewiston, Maine

Asanteni sana kaka zangu. Nimefungua. Matundu kweli yameliwa, fundi wa weldingi atayashughulikia Alhamisi. Kikaza cheni kilikuwa kimelegea kabisa, ila cheni bado ni nzima kwa kipimo: namba 50, inchi 10 na kidogo sana. Jambo lililonishtua ni hili, kwenye shafti ya PTO nimekuta bolti yenye mistari sita kichwani. Kitabu kinataka daraja la 2. Nimeitoa. Na ile klipu ya pingili ya kuunganishia, inaangalia wapi?

---

Kutoka: Duluth, Minnesota

Klipu: upande uliofungwa utangulie cheni inakoelekea, upande wenye mwanya ubaki nyuma, usije ukakwamishwa ukang'oka.

Hiyo bolti ya mistari sita imenipa wasiwasi kuliko yote. Hatujui giaboksi imekula mapigo mangapi kabla hujaichukua. Mwaga oili yake kwenye chombo cheupe, pitisha sumaku. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta vipande vyenye kona, mashine isitoke Jumamosi. Andika hapa mapema tutafute nani wa Portland au hapo kwenu mwenye trekta awapitie wazee.