Nimeitwa kwenda Gitega kufundisha Kiingereza na kulea vijana wa kanisa, mama hataki. Naombeni ushauri

Kitinda_OldMoshi

Habari zenu wanajamvi, wakubwa shikamooni.

Mi ni kijana wa miaka 27, kwetu Old Moshi, nimesomea ualimu (Kiingereza na Historia) ajira ya serikali bado, sa hizi nafundisha shule moja ya binafsi hapa Moshi mjini na jumapili naongoza vijana usharikani. Mwezi wa pili tulipokea wageni kutoka Burundi, kanisa rafiki wa usharika wetu, wakakaa wiki nzima, na kabla hawajaondoka mchungaji wao akasimama akasema vijana wao wa Gitega wana kiu ya Kiingereza na hawana mtu wa kukaa nao, wanaomba mmisionari wa miaka miwili. Kamati ya misioni ikakaa. Wakaniita mimi. Aisee ule usiku sikulala.

Moyo unataka kwenda, nasema kweli mbele za Mungu. Ila kuna mambo yananikaba. La kwanza Kiingereza chenyewe, mi msingi nimesoma shule ya kijijini kwa Kiswahili, Kiingereza nimekutana nacho form one kwa kukariri, nikiongea mtu anajua huyu ni wa Kilimanjaro, sasa naenda kuwa mwalimu wa watu nje ya nchi, si nitawaharibu? La pili posho, wamesema laki tatu kwa mwezi na chumba kwenye nyumba ya kanisa.

La tatu ndo zito. Mi ni kitinda mimba na mnajua Uchaggani kitinda ndo anabaki na kihamba, yani shamba la ukoo, cha wazee. Baba alilala 2017, kaka zangu wako Dar na Mwanza na familia zao. Nilipomwambia mama hakugomba, alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya tu mpaka sufuria ikajaa, ndo akasema "haya, na ng'ombe atakatiwa majani na nani?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Aliyewahi kwenda huko au kutuma mtoto wake anisaidie mawazo.

MwalimuSakina

Mdogo wangu pole na hongera. Mi niko Arusha, nimekaa Bujumbura miaka mitatu, kazi hiyohiyo unayoitiwa, Kiingereza jioni na vijana mwisho wa wiki, kwa hiyo nitaandika kirefu univumilie.

Kiingereza chako kinatosha. Tena nakwambia kitu ambacho mi nilichelewa kukijua, kwamba ile njia ngumu uliyopita kukipata ndo mtaji wako. Siku ya kwanza kabisa darasani kijana alisimama akajitambulisha akasema "I have twenty years". Ningekuwa nimezaliwa nacho ningemwambia umekosea, kaa chini. Lakini mi nilikuwa najua kosa limetoka wapi maana hata sisi tunasema nina miaka ishirini. Nikamuuliza kwa Kirundi mnasemaje, akasema "mfise imyaka mirongo ibiri", yani ninayo miaka ishirini, na Kifaransa walichosomea shuleni ni vilevile, miaka unakuwa nayo. Nikaandika ubaoni lugha zote nne, tatu zinasema "ninayo", moja peke yake inasema "niko". Darasa zima likacheka kwa furaha maana waliona sio wao wajinga, ni Kiingereza ndo kina njia yake. Yule kijana hakurudia lile kosa tena mpaka naondoka.

Utakutana na mengine ya Kifaransa, mtu anasema "library" kumbe anamaanisha duka la vitabu, anasema "actually" anamaanisha sa hizi. Yaandike kwenye daftari lako kila siku, ndo silabasi yako hiyo. Na kuna R na L. Kirundi hakitenganishi hizo sauti kama Kiingereza kwa hiyo "right" na "light" kwao ni neno moja. Mi nilikuwa nawaweka wawili wawili, mmoja anatamka, mwenzake akisikia "right" ananyoosha mkono wa kulia, akisikia "light" anaonyesha taa juu, halafu wanabadilishana. Dakika kumi kila siku basi. Usiwachoshe na grama saa nzima, hao wametoka kazini, wengine wametoka kubeba mizigo sokoni.

Ujue pia kwa nini wanakitaka, isije ikawa unafundisha hewani. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, na 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi kisheria pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mizigo yao mingi inapita bandari ya Dar. Kijana anayejua kusoma karatasi ya mzigo kwa Kiingereza na kuongea Kiswahili na dereva ana nafasi ambayo mwenzake hana. Kwa hiyo mi nilifundisha kujaza fomu, kupiga simu, kuuliza bei, kuandika barua ya kuomba kazi. Hadithi za ng'ambo zilikuja baadae sana.

Sasa hili naomba ulishike. Usifanye Kiingereza kuwa chambo. Kwetu darasa lilikuwa jumatatu mpaka jumatano, anakuja yeyote, hakuna kuulizwa unasali wapi. Neno la Mungu lilikuwa ijumaa, kwa anayetaka. Tulikuwa na vijana wa Kiislamu kutoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, na siku moja baba wa mmoja wao alikuja amevaa kanzu yake safi, akasimama mlangoni akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "mwalimu, mwanangu unamfundisha Kiingereza au unambadilisha dini?" Nikamwambia Kiingereza baba, karibu ukae usikilize mwenyewe. Akakaa benchi la nyuma, wiki mbili, kila siku. Wiki ya tatu hakuja, alimtuma binti yake mdogo na daftari jipya. Mi ile ndo naihesabu kuwa huduma. Na kama ningemdanganya yule mzee siku moja tu nisingekuwa na uso wa kupita Buyenzi.

Gitega sio Bujumbura lakini. Bujumbura Kiswahili kinakubeba mitaani, Gitega utahitaji Kirundi. Kisikutishe, umuntu ni mtu, abantu ni watu, amazi ni maji, ila sauti inapanda na kushuka na hapo ndo penyewe. Omba miezi mitatu ya kwanza usifundishe chochote, ujifunze lugha tu na kutembelea watu. Wakikataa waambie itakuwa hasara yao.

Boda_Majengo

Kaka mi nauliza tu kwa nia njema, vijana wa Majengo na Njoro hapahapa Moshi wanaokaa vijiweni mchana kutwa nani anawafundisha Kiingereza? Utalii uko mlangoni kwetu, mlima huo hapo, mtu akijua Kiingereza anapata kazi ya upagazi mpaka anakuwa mwongoza watalii, na sisi tunapeleka mwalimu wetu Burundi.

Kitinda_OldMoshi

Kaka umenigusa na sina jibu la kukushinda. Nachojua ni kwamba kule wameomba na wakanitaja, huku sijawahi kuanzisha, na hilo ni kosa langu mwenyewe. Nimeongea na mwenzangu wa kwaya tuanze jumamosi ukumbi wa usharika kabla sijaondoka ili niache darasa linatembea. Njoo na wenzako wa kijiweni, bure.

MwalimuSakina

Hilo la jumamosi ni zuri sana mdogo wangu, maana utajua kama unaweza kushika darasa la watu wazima waliochoka. Watoto wa shule ya binafsi hawakuandai kwa hilo.

Nimesahau mambo ya karatasi. Mtanzania haombi viza kuingia Burundi ila kukaa miaka miwili na kufanya kazi ni habari nyingine, kanisa la kule lishughulikie kibali mapema, usiende na maneno ya "tutaweka sawa ukifika". Cheti cha homa ya manjano beba. Vyeti vya chuo mi nilitafsiri kwa Kifaransa kabla ya kuondoka na ilinisaidia. Njia ya barabara ni Singida, Nzega, Kahama, Ngara mpaka mpaka wa Kabanga, ukivuka uko Kobero na magari yanaanza kupita kulia, angalia unapovuka barabara.

Na posho. Laki tatu inaweza kukutosha na inaweza isikutoshe, swali sio hilo, swali ni inakuja kila mwezi? Namjua mwenzetu alitumwa na usharika fulani kwa nderemo, wakamwekea mikono, wakampiga picha, mwezi wa nne hela ikakatika, wa tano akawa anakula kwa majirani anaowahudumia. Alirudi mgonjwa na hakuna aliyemwita kumuuliza. Kwa hiyo kamati iweke pesa ya mwaka mzima benki kabla hujapanda basi. Ukiona aibu kusema, mtume mchungaji aseme.

Ukishafika vijana watakuomba ada, nauli, hela ya dawa. Usitoe mfukoni kwa siri hata kama moyo unauma, peleka kwa wazee wa kanisa pale mtoe pamoja, maana ukianza kutoa mwenyewe kuna wataoacha kuja kwa ajili ya somo. Na mabinti, ongea nao mlango ukiwa wazi na mama wa kanisa akiwa karibu, siku zote, hata kama wewe ni malaika.

MamaKibosho

Mwanangu shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, kijana wangu wa tatu yuko nje mwaka wa sita sasa kwenye shirika, kwa hiyo naongea kama mama.

Mama yako hajakukataza. Mama wa Kichagga akitaka kukataza unajua. Amekuuliza swali, ng'ombe atakatiwa majani na nani, na wewe umelisikia kama kikwazo. Ni swali la kweli, mwanangu, lijibu kwa ng'ombe. Mimi mwanangu alipoondoka alinipigia magoti akaniambia habari za wito, nililia, lakini kilichonituliza ni alipomleta mtoto wa dada yangu akakaa naye wiki mbili akamwonyesha majani yanakatwa wapi kiangazi kikikauka, maji yanachotwa saa ngapi, ndizi ipi ikatwe na ipi iachwe. Na kaka zake wakaandika mbele ya wajomba kwamba kila mwezi nani anatuma nini.

Kihamba nacho kisikutie hofu. Kitinda anayetoka miaka miwili hajaacha kihamba. Ila lisemwe kikaoni, kaka zako wakiwepo, mama akisikia kwa masikio yake, isije baadae mtu akasema alikitupa. Disemba wote mnapanda nyumbani, fanyeni hapo.

Mzee_UsaRiver

Kijana, nimesoma yote. Nikuongezee moja la huku kwetu Meru. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893 wakaanzia Machame. Mwaka 1896 wawili wao, Ovir na Segebrock, wakaja Akeri kutaka kujenga misheni, na usiku wakauawa, wao na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Tukiwa watoto tuliambiwa habari hiyo kama ukatili wa wazee wetu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba walikuja wakati mmoja na kapteni Johannes wa Kijerumani na askari wake, wakapiga kambi karibu. Mzee wa Kimeru angejuaje huyu ana Biblia na yule ana bunduki?

Kwa hiyo ukifika Gitega angalia unaingia na nani na watu wanakuona upande gani. Usipande gari la mkubwa yeyote wiki ya kwanza. Tembea kwa miguu.

Na habari ya lugha aliyosema mwalimu ni kweli tupu. Mmisionari wao Gutmann alikuja 1902 akakaa hapo kwenu Old Moshi, akajifunza Kichagga mpaka akatafsiri Agano Jipya kwa Kimochi, Kichagga cha kwenu. Babu zako walimsikia kwa lugha ya mama zao.

Kitinda_OldMoshi

Asanteni sana wote, shikamoo mama na shikamoo mzee.

Narudisha majibu. Jumamosi tumeanza, wamekuja kumi na moja, watano ni wa kijiwe cha Boda_Majengo na yeye mwenyewe alikaa mbele. Nimejaribu lile la "right" na "light", imebidi turudie mara nyingi maana hata sisi wa huku tunazo shida hizo. Kamati wamekubali kuweka hela ya mwaka kwanza, wanasema itachukua mpaka mwezi wa kumi na moja, nimesema nitasubiri.

Mama nimemleta binamu yangu wa Kidia. Leo ni siku ya tisa anakata majani, mama anamwangalia tu hasemi. Ila jana jioni wakati nafunga zizi akaniuliza yule mchungaji wa Burundi ana mke? Nikasema anaye mama. Akasema "niombee namba yake, nataka nimuulize huko mtoto wangu atakula nini."

Sasa MwalimuSakina dada yangu, huyo mama mchungaji Kiswahili chake ni kidogo sana. Nifundishe kwa Kirundi maneno matatu manne mama aanzie nayo kwenye simu.

MwalimuSakina

Akipiga asubuhi aanze na "mwaramutse", jioni "mwiriwe". "Amahoro" ni saa yoyote, maana yake amani. Kushukuru ni "murakoze". Mwambie aseme taratibu na asubiri ajibiwe, kule salamu hawaikimbizi, kama tu kwenu. Nitumie namba pembeni, na mi nitakuwa kwenye simu niwatafsirie.